Mgogoro wa kazi Tanzania Bara: wakili, chama cha wafanyakazi, msaada wa kisheria, au uende mwenyewe CMA?

Mtu akishapewa barua ya kuachishwa kazi, kitu cha kwanza anachotafuta ni namba ya wakili. Anampigia mjomba, mjomba anampigia rafiki yake, wiki ya kwanza inakatika. Wakili anayepatikana yuko safarini, au anataka fedha ambayo mtu aliyefukuzwa juzi hana, wiki ya pili nayo inakatika. Huku HR, yaani afisa rasilimali watu wa kampuni, anamtuliza: "Subiri kidogo, suala lako liko kwa wakubwa." Siku anapokaa mbele ya wakili, siku 30 za kufungua shauri zimeshapita, na kazi ya kwanza inakuwa kuomba radhi ya kuchelewa badala ya kudai haki.

Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi mahali pa kazi, kwa hiyo nina upande ninaouegemea, na nitausema wazi tukifika huko. Lakini msimamo wangu wa jumla ni huu: usimchague msaidizi kwa ukubwa wa jina lake. Mchague kwa aina ya mgogoro ulionao na hatua uliyofikia. Na kama uwezo wako ni kumlipa wakili mara moja tu, mlipe mwanzoni, kabla fomu ya malalamiko haijapelekwa. Wengi hufanya kinyume: wanajaza fomu wenyewe kwa haraka, halafu wanakuja kumlipa wakili fedha nyingi ahangaike na kilichokwisha kuandikwa.

Kabla ya mtu, jua mlango

Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, mlango mkuu ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu anaiita CMA. Iliundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, na haki nyingi zinazodaiwa pale zinatoka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka huohuo. Kufungua shauri hulipii. Mgogoro wa kuachishwa kazi lazima ufikishwe ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha au wa kuthibitisha kukuachisha. Migogoro mingine yote, kama mshahara usiolipwa au makato yasiyoeleweka, ina siku 60 tangu ilipotokea.

Ahadi ya HR haisimamishi siku hizo. Mazungumzo ya pembeni na bosi hayazisimamishi. Ukichelewa unaweza kuomba uruhusiwe, lakini inabidi uape na kueleza sababu za msingi za kuchelewa, kwa kawaida siku kwa siku, na "nilikuwa natafuta wakili" ni sababu dhaifu sana mbele ya mwamuzi.

Si kila mgogoro unaenda huko. Mtumishi wa umma, tangu marekebisho ya 2016, anatakiwa kwanza amalize njia zilizomo kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwemo rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kukimbilia sheria za kazi. Ukiumia kazini, fidia yako iko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango ya NSSF isiyopelekwa, anza na NSSF wenyewe, maana wana mamlaka ya kumbana mwajiri. Zanzibar ina sheria zake za kazi na taasisi zake, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya Bara. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki, ingawa mshahara alioufanyia kazi anaudai kama kawaida.

Yupo pia Afisa Kazi, na watu humsahau. Kama bado uko kazini na tatizo linawagusa wengi, kwa mfano mikataba haitolewi au saa za ziada hazilipwi, Afisa Kazi anaweza kuja kukagua na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Kwa mgogoro wa namna hiyo ningeanza ofisi ya kazi kabla ya kufikiria wakili yeyote, kwa sababu jina lako halisimami peke yake mbele ya mwajiri ambaye kesho bado atakuwa bosi wako.

Nani anaruhusiwa kusimama nawe

Mbele ya CMA sheria haikulazimishi kuwa na wakili. Unaweza kusimama mwenyewe, au ukawakilishwa na kiongozi au mwanachama wa chama chako cha wafanyakazi, au wakili, au mwakilishi binafsi uliyemchagua mwenyewe, yaani hata ndugu au mfanyakazi mwenzako wa zamani. Hao wote wanapokelewa kwenye usuluhishi, yaani mazungumzo ya kutafuta mapatano, na kwenye uamuzi, yaani hatua ya kusikiliza ushahidi.

Jambo la pili ambalo huwa naliweka mbele ya kila mtu: katika mashauri ya kazi, aliyeshindwa kwa kawaida haamriwi kumlipa mwenzake gharama, isipokuwa shauri likionekana ni la upuuzi au la usumbufu tu. Hii ina pande mbili. Usiogope kwamba ukishindwa utabebeshwa bili ya mawakili wa kampuni. Ila pia ada ya wakili wako ni yako, hata ukishinda. Fanya hesabu mapema. Anayedai mshahara wa mwezi mmoja wa laki 4, akitajiwa ada ya laki 8, hana sababu ya kuweka wakili shauri zima. Anayedai kuachishwa isivyo haki baada ya miaka 12 ya utumishi, hesabu yake ni nyingine kabisa.

Wakili

Nguvu ya wakili ni mbili: kujua shauri liitwe jina gani, na kuhoji mashahidi. Vingine vyote mtu makini anaweza kuvifanya.

Jina la shauri ni kitu kizito kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyekuwa na mkataba wa mwaka mmoja ukakatishwa mwezi wa tano, na mtu wa mkataba usio na kikomo aliyefukuzwa kwa madai ya wizi, wote wanasema "nimefukuzwa". Kisheria madai yao hayafanani, na nafuu wanazoomba hazifanani. Mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake wenyewe, hapo hata si kuachishwa, labda kama mwajiri alikufanya utegemee kwa haki kwamba utaongezwa. Wakili aliyezoea mashauri ya kazi anakutenganishia haya ndani ya nusu saa. Wakili aliyezoea mashauri ya ardhi na mirathi, hata awe hodari vipi, anaweza kukuandikia dai lisilo lako.

Kwa hiyo ukimtafuta, swali la kwanza lisiwe ada. Muulize: mara ya mwisho umesimama CMA lini, na shauri lilihusu nini? Mpe barua yako ya kuachishwa aisome mbele yako. Mzoefu ataangalia tarehe kwanza, kabla hajasoma sababu. Halafu atakuuliza kama ulipewa tuhuma kwa maandishi, ulipewa muda gani wa kujiandaa kwa kikao cha nidhamu (kanuni za utendaji bora za 2007 zinataka angalau saa 48), na kama uliruhusiwa kuja na mwenzako au mtu wa chama. Asiyeuliza hayo na kuanza kukuhakikishia ushindi, muage kwa heshima.

Swali la pili: nani atakayekuja siku ya shauri? Ofisi kubwa inaweza kukupokea kwa wakili mkubwa, halafu shauri likashikwa na kijana ambaye amepewa faili asubuhi hiyohiyo. Kijana si tatizo, kuna vijana wazuri sana. Tatizo ni mtu asiyelijua faili. Na kuahirishwa kwa sababu wakili yuko Mahakama Kuu kwenye shauri lingine ni jambo la kila siku. Anayeumia na kuahirishwa huko ni wewe usiye na mshahara.

Halafu ada. Taka iandikwe: inahusu hatua zipi? Usuluhishi tu? Na uamuzi? Na kama mwajiri atapeleka maombi Mahakama ya Kazi kupinga tuzo, yaani uamuzi uliotolewa CMA, je, ni ada mpya? Nauli na nakala za nyaraka ziko ndani au nje? Mapatano ya mdomo kuhusu fedha ndiyo yanayowagombanisha wateja na mawakili. Kila unacholipa, dai risiti.

Kisha hakikisha kweli ni wakili. Kuwa na shahada ya sheria hakutoshi. Wakili ni aliyeapishwa na kuandikishwa kwenye orodha ya mawakili, na anatakiwa awe na cheti hai cha mwaka huo cha kufanya kazi ya uwakili. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa kuwatambua mawakili kwenye intaneti, unaandika jina na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS, nacho kinaweza kukuthibitishia. Ni dakika chache tu, na zinakuepusha na vishoka.

Nikae kidogo kwa hawa vishoka, maana wanaumiza watu waliokwisha kuumia. Utawakuta karibu na ofisi za umma wamebeba bahasha za kaki, wanajiita mawakili, wanajua majina ya watumishi wa ofisini, na bei yao inashawishi. Mlango wa mwakilishi binafsi upo kwa nia njema, ili maskini asikose wa kumsemea, na ndio mlango wanaoupitia vishoka. Kishoka anachukua fedha, anajaza fomu kwa maneno aliyonakili kwenye shauri la mtu mwingine, na siku ya pili au ya tatu simu yake haipatikani. Usipofika kwenye usuluhishi ulioufungua mwenyewe, msuluhishi anaweza kulifuta shauri lako. Wakili akikukosea unaweza kumshtaki kwenye Kamati ya Mawakili. Kishoka hana kamati, na utakachobaki nacho ni namba ya simu iliyozimwa.

Chama cha wafanyakazi

Hapa ndipo upande wangu ulipo. Kwa mfanyakazi wa kawaida ambaye ni mwanachama hai, chama ndicho ningeanza nacho, kabla ya wakili. Ada unakatwa kila mwezi, kwa hiyo huduma umekwisha kuilipia. Zaidi ya hapo, chama kinaweza kuingia mapema kuliko mtu mwingine yeyote: kwenye kikao cha nidhamu chenyewe, wakati kazi bado unayo. Mwakilishi wa chama akikaa pembeni yako pale na kuhakikisha pingamizi zako zimeandikwa kwenye muhtasari, ama kikao kinakwenda kwa haki, ama unapata ushahidi kwamba hakikwenda. Wakili wa nje kwa kawaida hakikuti kikao hicho. Anapokea muhtasari uliokwisha kuandikwa na upande wa pili.

Vyama vina sekta zake. TUICO iko viwandani, kwenye biashara na mabenki. CHODAWU iko mahotelini na kwa wafanyakazi wa majumbani. TPAWU mashambani, TAMICO migodini, COTWU kwenye usafirishaji na mawasiliano, TUGHE serikalini na afya, TALGWU serikali za mitaa. Walimu wengi wako CWT. Wakongwe wa vyama hivi, wale waliokaa CMA miaka na miaka, wanajua kanuni za pale kwa undani unaozidi wa mawakili wengi.

Lakini ubora unatofautiana sana kati ya tawi na tawi, kanda na kanda. Katibu mmoja wa kanda anaweza kuwa na mashauri mengi kuliko anavyoweza kuyasoma. Na kuna matawi ambayo viongozi wake wamezoeana mno na menejimenti. Dalili ni rahisi kuiona: kiongozi anayekushauri uandike barua ya kuacha kazi "ili usiharibu jina" kabla hajaona hata tuhuma. Ukikutana na huyo, panda ngazi, nenda ofisi ya mkoa au kanda ya chama hichohicho. Uanachama wako ni wa chama, si wa tawi.

Angalia pia slipu yako ya mshahara. Sheria inaruhusu, chama kikiwa kimetambulika na mwajiri kwa wingi wa wanachama, wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakala. Wapo wanaokatwa hiyo miaka kadhaa wakiamini ni wanachama. Si wanachama mpaka wajaze fomu ya kujiunga. Siku ya mgogoro si siku nzuri ya kugundua hilo, na chama hakilazimiki kukubeba kwa tatizo lililoanza kabla hujajiunga.

Msaada wa kisheria

Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 inatambua watoa huduma waliosajiliwa wanaowahudumia bure watu wasio na uwezo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kimefanya kazi hii tangu 1995. Wapo Chama cha Wanawake Wanasheria, TAWLA, wapo WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kamati ya msaada wa kisheria ya tangu 1967. Tangu 2023 kuna pia kampeni ya kitaifa ya Mama Samia inayozunguka mikoani.

Kwenye vituo hivi utakutana na watu wa aina mbili, na ni vizuri ujue uko mbele ya nani. Wasaidizi wa kisheria wamepata mafunzo, wako karibu na wananchi mpaka vijijini, wanakueleza haki zako na kukuelekeza njia, lakini sheria haiwaruhusu kukuwakilisha mahakamani. Wanasheria na mawakili wa kituo ndio wanaoandika nyaraka, na mara nyingine husimama na mteja.

Ushauri wao kwa migogoro ya kazi ni mzuri sana, na ule ushauri wa mwanzoni ninaousisitiza unaweza kuupata hapa bila kulipa kitu. Upungufu ni foleni na uwezo. Kituo kinachopokea mirathi, ndoa, ardhi na kazi kwa siku moja hakiwezi kumsindikiza kila mtu kwenye kila kikao. Nenda wiki ya kwanza, tena asubuhi. Ukienda siku ya 28, hata mwanasheria mwenye moyo hana muda wa kukusaidia ipasavyo.

Kwenda mwenyewe

Inawezekana, na kwa madai yaliyo wazi ndiyo njia ninayoipendekeza. Mshahara wa miezi miwili haujalipwa, una mkataba, una taarifa za benki: hapo hakuna fumbo la kisheria. Hali kadhalika kama unadai cheti cha utumishi, likizo uliyoifanyia kazi bila malipo, au kiinua mgongo, ambacho ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, isiyozidi miaka 10.

Kazi kubwa iko kwenye Fomu Namba 1, inayoitwa CMA F1. Inaonekana ni karatasi ya kawaida: jina lako, jina la mwajiri, aina ya mgogoro, tarehe ulipotokea, unataka nini. Kila nafasi pale ina mtego wake. Jina la mwajiri liwe lile lililosajiliwa, lililo kwenye mkataba au slipu, si jina la kwenye bango. Duka linaloitwa kwa jina la mwenye duka linaweza kuwa ni kampuni yenye jina tofauti, na tuzo iliyotolewa dhidi ya jina lisilokuwepo ni ngumu kuikazia, yaani kulazimisha itekelezwe. Tarehe ya mgogoro ndiyo inayohesabu siku zako, kwa hiyo iandike kama ilivyo kwenye barua, siyo siku uliyozuiwa getini kama barua ilikuja baadaye. Sehemu ya pili, ile inayohusu kuachishwa kazi, ijaze ikiwa mgogoro wako ni wa kuachishwa. Ukidai malimbikizo tu, iache. Na pale pa madai, andika kila kitu: mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi, likizo, kiinua mgongo, fidia, cheti. Ulichokisahau kwenye fomu utapata taabu kukidai mbele ya mwamuzi, kwa sababu upande wa pili utasema hawakujiandaa nacho, na mara nyingi watasikilizwa.

Nakala ya fomu umpelekee mwajiri, na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea: saini, muhuri na tarehe. Mlinzi akikataa kupokea, usiondoke kimyakimya. Andika siku, saa na jina la aliyekataa, kisha uwaulize watu wa CMA njia nyingine ya kuifikisha.

Hiyo fomu ndiyo sababu ya ushauri wangu wa kumlipa mtu mwanzoni. Mwombe wakili akupe bei ya kuisoma fomu na kuisahihisha tu, bila kushika shauri zima. Wapo wanaokubali, na bei yake hailingani hata kidogo na ya kukuwakilisha.

Tukiwaweka bega kwa bega, hatua kwa hatua

Kwenye kikao cha nidhamu, chama kinawashinda wote. Asiye na mtu wa chama amchukue mfanyakazi mwenzake asiyeogopa kunyanyua mkono.

Kwenye kuandaa fomu, wakili wa kazi au mwanasheria wa kituo cha msaada anakuwa mbele ya katibu wa chama kwa mashauri magumu. Kwa mashauri ya kawaida katibu mzoefu anatosha kabisa.

Usuluhishi ni hatua ambayo sioni ulazima wa wakili. Sheria inaupa siku 30, isipokuwa pande mbili zikubaliane kuongeza. Ni meza ya mazungumzo, msuluhishi hatoi hukumu ya nani mkosa pande zote zikiwa zimefika, na unachokisema pale kutafuta mapatano hakitumiki dhidi yako baadaye. Unachohitaji ni kujua kiasi chako cha chini kabla hujaingia, na mtu wa kukushika mkono usisaini kwa uchovu. Mkisaini mapatano, yanawafunga wote na yanaweza kukaziwa kama hukumu. Mwajiri asipotokea, msuluhishi ana mamlaka ya kuamua shauri bila yeye, kwa hiyo nenda na nyaraka zako zote hata kama umesikia hatakuja.

Uamuzi ni kitu kingine. Kuna viapo, mashahidi, vielelezo na maswali ya kuhoji. Kwenye kuachishwa kazi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki na utaratibu ulifuatwa, kwa hiyo kwa kawaida yeye ndiye anayeanza na mashahidi wake. Kama umeshtakiwa kwa wizi au upotevu, na kampuni imeleta mkaguzi wa hesabu na meneja mwenye mafaili, hapa wakili anastahili kila senti. Kumhoji mkaguzi ni kazi ya mtu aliyeizoea. Kama kosa la mwajiri ni kwamba hapakuwa na kikao chochote, ulitumiwa ujumbe wa simu usije tena, katibu wa chama au wewe mwenyewe mnaweza kulimudu.

Baada ya tuzo, anayetaka kuipinga ana wiki 6 tangu alipopewa nakala yake kupeleka maombi ya marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndiyo hiyo Mahakama ya Kazi. Hapo mabishano yanakuwa ya kisheria zaidi, ya kumbukumbu za shauri na viapo vilivyoandikwa. Sheria haijamfunga mtu kwenda bila wakili, lakini mimi kama katibu nilikuwa nawaambia wanachama: hapa chama kitafute wakili, au tuchange.

Watu wanne tofauti

Dereva wa lori ana mshahara wa miezi mitatu haujalipwa, na hayuko kwenye chama. Aende mwenyewe, baada ya nusu siku kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Siku 60 zake anatakiwa azihesabu kwa makini, kwa sababu mwezi wa kwanza usiolipwa unaweza kuwa umeshapitwa na muda wakati wa tatu bado.

Mhudumu wa hoteli, mwanachama wa CHODAWU, amepewa barua ya kujieleza kwa kuchelewa kazini. Asisubiri barua ya pili. Amwite mtu wa chama leo, amsomee majibu yake kabla hajayapeleka, kwa maana barua ya kujieleza ndiyo kielelezo ambacho mwajiri atakitoa kwanza.

Meneja wa fedha aliyefukuzwa kwa tuhuma za ubadhirifu, huku polisi nao wakiwa wanamwita, anahitaji wakili tangu saa ya kwanza. Maneno anayoyaandika kwenye kikao cha nidhamu yanaweza kusomwa tena kwenye kesi ya jinai, na hilo si la kumwachia katibu wa tawi, hata awe mzoefu namna gani.

Mfanyakazi wa nyumbani aliyetolewa nje usiku bila mshahara wake huwa anaamini hana haki kwa sababu hana mkataba wa maandishi. Anayo. Wajibu wa kuandika masharti ya kazi ni wa mwajiri, na asipoyaandika, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwaje unamwangukia yeye. Kwa dada huyu ningeenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata au CHODAWU, na ningetafuta ushahidi ambao watu huupuuza: miamala ya simu ya mshahara wa nyuma, ujumbe wa "nunua maziwa ukitoka shule na mtoto", jirani aliyemwona akifua kila siku.

Ukitaka kubadilisha mtu katikati

Ni haki yako, na wengi wanabaki na mtu mbaya kwa kuona aibu. Mwandikie barua fupi kwamba hakuwakilishi tena, ijulishe CMA au mahakama kwa maandishi, na dai faili lako: fomu iliyogongwa muhuri, uthibitisho wa mwajiri kupokea, vielelezo, wito wa tarehe inayofuata. Mwenye deni la ada halali unamlipa au mnapatana namna ya kulipa, ili asiwe na sababu ya kung'ang'ania karatasi. Ndiyo maana nakala halisi za mkataba, barua na slipu hazitakiwi kutoka nyumbani kwako tangu mwanzo. Yeye mpe nakala, na siku ya ushahidi uzibebe halisi mwenyewe. Na tarehe ya kikao kinachofuata ukaiulize masijala wewe binafsi, kwa sababu barua ya kubadilisha mwakilishi haiahirishi shauri, na kiti chako kikikutwa kitupu siku hiyo, hakuna atakayeuliza kosa lilikuwa la nani.